Mwaka Ambao Bwana Tolliver Aliwaendesha Mabingwa

Rågsved, Stockholm
30 Oktoba 2004

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba goti lako limekupa nafasi ya kupumua. Mimi ni mzima. Majani yamekwisha mitini, nami nimejifunza kuvaa soksi mbili bila kuona haya.

Jumatano timu ya besiboli ya Boston ilitwaa ubingwa wa Marekani, wa kwanza tangu mwaka 1918. Hata magazeti ya hapa, ambayo mchezo wenyewe hayaujui, yameandika kuhusu miaka themanini na sita ya kiu. Nami nauliza: kiu ya nani? Orodha hiyo ya mabingwa inaanza mwaka 1903. Kwa zaidi ya miaka arobaini ilihesabu michezo ambamo mtu mweusi hakuruhusiwa kushika gongo. Weusi walikuwa na ligi zao, fainali zao na mabingwa wao. Wako wapi katika orodha? Hawamo! Ukiuliza, unaambiwa kumbukumbu zao hazikuandikwa vizuri. Mtu ananyimwa kalamu, kisha analaumiwa kwa kutoandika!

Nimeamua kuwa hiyo ndiyo tasnifu yangu ya historia. Namtaka ndani yake Bwana Tolliver, mwenye nyumba wako wa Kansas City ulipoishi Marekani, aliyekuwa dereva wa basi la timu ya Weusi. Utotoni ulitusimulia kwamba aliwaendesha mabingwa. Ulikuwa mwaka gani?

Bintiyo,
Lorraine


Kangema
20 Novemba 2004

Lorraine mwanangu,

Tumeipata barua yako na tumefurahi kusikia u mzima. Sisi hatujambo. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako anasema soksi mbili hazitoshi, vaa tatu.

Nilipanga kwa Bwana Tolliver tangu 1963 hadi 1965. Alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa ukimtajia Monarchs, timu yake. Hapo chakula kilipoa mezani. Aliniambia kuwa waliwafunga Grays, wapinzani wao wa fainali, michezo minne, bila kupoteza hata mmoja. Walicheza nao katika miji mbalimbali, naye ndiye aliyewafikisha. Kuna hoteli zilizowakataa, basi wakalala humo humo ndani ya basi, na bingwa akatoka humo asubuhi akaenda kucheza.

Kuhusu mwaka: ulikuwa mwaka wa njaa ya mihogo, aliozaliwa shangazi yako Adelina. Nalikumbuka hilo kwa sababu binti wa Bwana Tolliver alizaliwa wiki ile ile ya mchezo wa mwisho, na nilipomuuliza umri wa binti huyo, nikaona yeye na Adelina ni marika.

Andika vizuri, na usipige kelele mno. Msomaji si kiziwi.

Baba yako,
Gabrieli Wanjohi


Rågsved
18 Januari 2005

Baba,

Nakusalimu wewe na Mama, na nawatakia afya. Yangu ni njema, ingawa moyo si mwema.

Jana nilitetea tasnifu. Hapa kila mwandishi hupewa mwanafunzi mwenzake wa kuibomoa kazi yake mbele ya darasa, humwita mpinzani. Wangu alikuwa Armel, Mrundi anayekaa kituo kimoja tu kutoka kwangu, kijana mpole hadi afungue faili lake.

Nilisimama nikasema kama nilivyolelewa kusema. Nikawauliza: nani aliwapa hawa mamlaka ya kuamua ubingwa upi ni ubingwa? Kisha Armel akafungua ukurasa wa ishirini na mbili, na kwa Kiswahili, ili anichome mimi peke yangu, akasema: «Dada Lorraine, Monarchs wako wa 1943 umewatoa wapi?»

Nikamwambia: «Kwa shahidi aliyeishi na dereva wao.»

«Basi huyo dereva alipotea njia. Mwaka 1943 bingwa ni Grays. Hao hao unaosema walifungwa.»

Halafu akalirudia lote kwa Kiswidi. Walicheka, Baba. Profesa hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema niutoe mlango wa tasnifu unaomhusu Bwana Tolliver, nayo itapita. Au niubakize, nilete uthibitisho kabla ya tarehe tatu Juni. Bila hivyo, imeanguka.

Nimesimama mbele ya watu nikishutumu orodha yao kwa uongo, huku mkononi nimebeba uongo wa nyumbani kwetu. Je, huyo mzee aliwahi kuendesha basi lolote? Au ni hadithi uliyotutungia tulale? Kama ni hadithi, ungeniambia. Nisingekulaumu kwa hadithi. Nakulaumu kwa kuniacha niisimamishe mahakamani kama ushahidi.

Lorraine


Rågsved
6 Machi 2005

Baba mpendwa,

Hujambo? Mama hajambo? Nauliza nikijua kwamba wiki saba zimepita bila jibu, na kwamba barua iliyopita sikuitia hata saini ya binti.

Jumapili nilikwenda Vårby gård kwa dada Wilkister, yule muuguzi kutoka Kisumu aliyenipokea nilipofika. Nilimweleza kisa chote nikiwa bado na hasira, nikamtupia barua yako mezani kama kielelezo. Aliisoma polepole, akakung'uta unga mikononi, akaisoma tena.

«Hebu nionyeshe hiyo 1943,» akasema.

«Si hiyo hapo? Mwaka wa njaa ya mihogo.»

«Mimi naona mihogo tu. Namba iko wapi?»

«Kila mtu anajua njaa ya mihogo ni 1943. Iko vitabuni.»

«Vitabu gani? Si hao wenye vitabu ndio unapigana nao?» Akanisukumia barua. «Mzee amekupa mwaka wa kwao. Wewe ndiye umeubadilisha ukauvalisha suti. Ulimuuliza?»

Sikukuuliza. Nilikwenda maktaba, nikafungua kitabu cha historia ya Kenya kilichoandikwa na mgeni, nikakuta njaa imewekewa mwaka, nikaunukuu na kuuweka kinywani mwako. Nimeandika kurasa arobaini dhidi ya watu wanaoamini karatasi yao kabla ya kumsikiliza mwenye habari, na katika ukurasa wa ishirini na mbili nimefanya vivyo hivyo kwa baba yangu mzazi.

Neno «uongo» nalifuta, ingawa najua lililokwisha kusomwa halifutiki. Sijui kama utaniandikia. Sijautoa mlango wa Bwana Tolliver. Ikibidi tasnifu ianguke, itaanguka akiwamo.

Bintiyo anayeomba radhi,
Lorraine


Kangema
9 Aprili 2005

Lorraine mwanangu,

Tuko salama, mvua imeanza, na mama yako anakusalimu sana. Barua zako zote mbili zimefika.

Ya Januari niliisoma mara mbili, nikaiweka ndani ya Biblia, si kwa utakatifu wake bali ili mama yako asiione. Sikununa. Labda siku nne hivi. Baada ya hapo nilijiuliza: kama huyo Mrundi anasema kweli, basi ama Bwana Tolliver alikosea ama mimi nilikosea. Sikutaka kukujibu kwa mdomo mtupu mara ya pili.

Nilikwenda kwa shangazi yako. Nikamwambia, «Adelina, wewe si ulizaliwa mwaka wa njaa ya mihogo?» Akacheka hadi akashika ukuta. «Miaka yote hiyo mnaniita mtoto wa mihogo, na hakuna aliyewahi kuniuliza! Mihogo niliila nilipoachishwa ziwa. Nilizaliwa kabla, mvua ilipokataa. Mama ndiye aliyelitaja jina hilo, kwa kuwa ndiyo njaa aliyonilea nayo.»

Nilikuwa na miaka miwili tu alipozaliwa. Nilipokea jina la mwaka kama nilivyolipokea jina la mtoto. Kwa hiyo kosa ni letu sote wawili. Wewe uliubadilisha mwaka bila kuniuliza, nami nilikupa mwaka ambao sikuwahi kumuuliza mwenyewe.

Maneno ya Adelina ni ushahidi kwangu, ila profesa wako hamjui Adelina. Ndipo nikaenda misheni alikobatizwa. Mara ya kwanza katibu alikuwa msibani. Mara ya pili ufunguo wa kabati haukupatikana. Mara ya tatu walinipa nakala, imo humu pamoja na mhuri: amezaliwa tarehe 27 Septemba 1942. Angalia ni lini Monarchs walicheza na Grays mwaka huo. Mimi huku sina kitabu.

Hayo ndiyo yaliyochukua muda. Kuhusu lile neno, nimeona umelifuta. Ukiniandikia tena usianze na Bwana Tolliver, anza na habari zako. Unakula nini?

Baba yako,
Gabrieli Wanjohi


Rågsved
11 Juni 2005

Baba mpendwa,

Nakula ugali Jumapili kwa dada Wilkister. Siku nyingine ni viazi, na samaki wa kopo ambaye Mama asingemruhusu kuingia jikoni. Nimepata kazi ya kiangazi katika nyumba ya wazee huko Spånga. Nina afya. Mchana hauishi siku hizi, hata usingizi unachanganyikiwa. Nawe goti vipi? Umetembea sana kwa ajili yangu.

Mchezo wa mwisho ulikuwa tarehe 29 Septemba 1942. Monarchs walishinda michezo minne iliyohesabiwa, na Grays hawakushinda hata mmoja. Shangazi Adelina alikuwa na siku mbili duniani.

Nilirudi darasani tarehe tatu. Armel hakulazimika kuja, akaja. Nilieleza kosa langu kwanza, kabla ya kosa la mtu mwingine yeyote, na nilieleza bila kupaza sauti. Kisha nikaonyesha barua yako, maneno ya shangazi na nakala ya misheni. Profesa akauliza huyu Gabrieli Wanjohi ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akauliza kama shahidi wa namna hiyo hana upendeleo. Kabla sijafungua mdomo, Armel akajibu: «Upendeleo gani? Mzee amejisahihisha mwenyewe. Je, ile orodha ya mabingwa imewahi kujisahihisha?»

Tasnifu imepita. Katika ukurasa wa ishirini na mbili sasa pana 1942, na kando yake nimeandika mwaka wa njaa ya mihogo, nikaeleza kwa nini nyumba moja ya Kangema iliuita hivyo mapema.

Profesa aliniambia jambo moja nikiwa naondoka: kwamba umri wa Adelina unathibitisha kitu iwapo tu binti wa Bwana Tolliver alizaliwa kweli wiki ile, na kwamba mwanamke huyo huenda bado yu hai. Niliona haya. Katika kurasa zote arobaini yumo kama «binti» tu. Sikuwahi kukuuliza.

Baba, aliitwa nani?

Bintiyo,
Lorraine