Dirisha Moja la Pijo Limegeuka Jeusi

Ndivyo ulivyoniambia mwezi uliopita, Shangazi Oforiwaa, kwamba mke mpya asikae akihesabu siku bali ajitafutie kazi ya mikono, nami nikaipata, na sasa kazi hiyohiyo ndiyo inayoninyima raha, kwa hiyo nisikilize tena.

Mume wangu Boakye bado yuko mji wa Wa, kaskazini, wanakojenga barabara, wiki ya saba tangu harusi yetu, na akinipigia simu namwambia sijambo, lakini sithubutu kumwambia kwamba nikiwa nyumbani navaa shati lake la kazi kwa sababu bado lina harufu yake. Kabla hajaondoka tuliketi ndani ya gari kuukuu, Pijo ya marehemu baba yake, iliyoegeshwa uani hapa Kumasi, akanionyesha picha ya harusi ya wazazi wake, Pijo hiyohiyo, mikanda ya chuma inayozunguka madirisha inang'aa kama fedha. Akasema, "Serwaa, baba aliipaka mikanda yote rangi ya bluu, sijui kwa nini. Siku itakapong'aa tena, nitakupeleka kwa bibi yako kule Mampong, umekaa mbele kama malkia."

Nikaamua aikute inang'aa. Mama yangu mdogo hupika sabuni nyeusi, nikamwomba yale maji makali ya majivu ya maganda ya kakao, nikawa nayapaka kwa brashi, rangi inavimba na kujikunja kama utando wa uji uliopoa, naikwangua kwa kijiti, na chini yake chuma kinatabasamu, madirisha matatu Shangazi, mpaka nikaimba. La nne, la mbele upande wa abiria, likatoa povu, likageuka jeusi.

Jirani yetu Fuseini, fundi wa rangi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Shemeji, hiyo umepika supu. Mkanda huu si chuma kama mingine, ni alumini, na maji yako yameutafuna. Lakini ninao mkanda halisi, nimeutoa kwenye gereji za Suame, kwenye Pijo iliyokufa. Nikufungie, mumeo hatajua."

Mama mkwe akatoka jikoni, akaugusa ule weusi kwa kidole. "Hiyo ni sufuria yangu," akasema. Akanieleza kwamba mkanda wa kwanza wa dirisha hilo uliibwa Boakye alipokuwa na siku tano, na baba yake hakutaka kumpeleka mtoto kupewa jina siku ya nane kwa gari lenye pengo, akachukua sufuria kubwa ya mama, akaipeleka kwa wayeyushaji, wakammiminia mkanda. Haukufanana na mingine, ndipo akaipaka yote bluu. "Nilipikia kopo la maziwa miezi miwili," mama akasema, akacheka. "Usimwambie Boakye. Baba yake aliona haya mpaka anakufa."

Boakye anarudi tarehe ishirini na sita. Nifunge mkanda wa Fuseini apate dirisha la kwenye picha, au niache huu mweusi, naye akiuliza nivunje neno la mama? Namtamani mpaka mlio wa lori barabarani unaniinua kitini.

Serwaa, Kumasi

*

Serwaa mwanangu, kwanza nikugombeze. Maji yale hula ngozi na macho, nawe nadhani ulivaa hilo shati la mumeo badala ya glavu. Ungelijaribu pembeni kidogo kabla ya kumwagia dirisha zima. Mapenzi hayakukatazi kufikiri.

Sasa futa machozi. Suuza mikanda yote minne kwa maji mengi, na raba za vioo pia. Ule mweusi usugue kwa limau, usuuze tena. Kisha, binti, ni sufuria hiyo. Umesugua sufuria tangu una miaka saba. Chukua stilwaya na sabuni, sugua kwa urefu wa mkanda, usizungushe, malizia na msasa laini kabisa. Utang'aa, ila weupe wake utakuwa wa namna yake. Uache hivyo.

Mkanda wa Fuseini mrudishie kwa heshima. Mumeo hatamani chuma, anamtamani baba yake, na baba yake yumo kwenye dirisha hilo, si kwenye Pijo ya Suame.

Kuhusu mama mkwe, usivunje neno lake, wala usilibebe peke yako. Kesho asubuhi mpe stilwaya msugue pamoja, umwombe amsimulie mwanawe kwa kinywa chake. Mwanamke aliyekaa kimya miaka yote hiyo kisha akasema mbele ya fundi wa rangi, huyo anataka kusema. Boakye akija, mkalishe mama mbele, upande wa sufuria yake. Wewe malkia kaa nyuma, safari moja tu.

Nina mazishi Mampong Jumamosi ya mwisho. Kabla mwezi haujaisha nitapita uani kwenu, na nitajitazama uso kwenye dirisha hilo.