Darubini Yangu na Kiti cha Mgeni wa Heshima

Elburgon,
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, amani iwe kwako. Natumaini barua hii itakukuta umeketi unachagua maharagwe, si unapanda kilima na magoti yako hayo. Yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma inasaidia, ama imekaa tu kabatini ikingoja wageni? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inatuvisha sweta mbili hata adhuhuri, lakini kiwandani kubeba mbao kunatutoa jasho, kwa hiyo hatulalamiki sana.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, Mama, huiweka sauti ya juu na jikoni kote wanaitikia amina. Haya nataka uyasikie wewe kwanza.

Baba mdogo Shadrack alinitumia picha ya kadi ya harambee ya viti vya kanisa. "Mgeni wa heshima: Mheshimiwa Ezekiel." Niliposoma niligeuka nyuma kumtafuta huyo Ezekiel. Mama, mimi ni mpanga mbao! Tangu lini mpanga mbao akawa mheshimiwa?

Najua ilikoanzia. Mwaka huu nilijinunulia darubini, ile ya kuning'iniza shingoni, ya kuangalia ndege. Unajua tangu utotoni ulikuwa ukinituma kuni nami narudi na hadithi za ndege. Nilikuta hii kwa muuza mitumba huko Nakuru, imelala kati ya viatu na kamera mbovu. Akaniwekea chini ya meza nikawa nalipa kidogo kidogo. Niliacha nyama choma ya Jumamosi, nikaacha soda, na ule mchezo wa kubeti mpira sikuwahi kuuanza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na pesa yako ya mwisho wa mwezi sikuigusa, wewe ni shahidi.

Basi Jumapili moja baada ya ibada nilisimama kando ya barabara, bado nimevaa koti la kanisani, nikimwangalia ndege mmoja wa kijani ambaye akiruka mabawa yanafunguka mekundu. Mama, uzuri ule! Kumbe nyuma ya mti wake kulikuwa na shamba lenye bango la kuuzwa. Baba mdogo akapita na lori lake, akanipigia honi. Nikainua mkono kumwomba anyamaze, ndege asiruke. Yeye akaona mkono wa tajiri anayekagua ekari zake! Alipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanenepa.

Na si yeye peke yake. Njuguna, ninayebeba naye mbao, aliniona nayo akaanza: "Niaje, mzito! Kumbe uko na doo na unatuficha?"

"Pesa gani, Njuguna?"

"Hiyo kitu ni ya wazungu na jeshi, bana. Wewe si mtu wa rika yetu tena."

"Na hiyo simu yako ya kioo kikubwa, ni ya nani?"

"Aah, simu ni lazima, boss."

Nyani haoni kundule. Mwenye nyumba wangu naye, siku hiyo hiyo, aliniuliza kama chumba changu hakijawa kidogo kwa mtu wa hadhi yangu. Nilimjibu kwamba kinanitosha kabisa, tena nikafunga mlango haraka kabla hajapandisha kodi.

Nacheka, lakini wiki hii sikuwa na raha. Bahasha ya mgeni wa heshima hufunguliwa mwisho na kusomwa kwenye maikrofoni, na wewe utakuwa mstari wa mbele na kitambaa chako cheupe. Niliogopa uso wako wakati huo. Juzi niliifunga darubini ndani ya sweta nikashuka nayo Nakuru nimrudishie aliyeniuzia, nijaze bahasha. Nilipofika mbele ya meza yake nikakumbuka simu yetu ya mwisho. Ulisema Mama mkubwa Rhoda, dada yako, anajisifu kule kilimani ng'ambo ya mto kwamba amepaka nyumba rangi ya waridi. Ukacheka, ukasema, "Nitajuaje kama ni kweli? Miguu imekataa kilima." Ni miguu hiyo iliyonirudisha Elburgon na sweta yangu, darubini ikiwa bado ndani.

Kwa hiyo nakuomba, mwambie mchungaji aliondoe jina langu kwenye kadi kabla haijasambaa. Nitakuja. Nitaketi nyuma na vijana wa kwaya, na nitatoa nilicho nacho kama mtu mwingine yeyote. Akiuliza mtu utajiri wa Ezekiel umeenda wapi, mwambie umeruka, ulikuwa na mabawa mekundu.

Nisalimie Baba mdogo, na umwambie simkasirikii, ila siku nyingine asimamishe lori aulize. Msalimie dada yangu mdogo na mwalimu wake wa kwaya, na jirani yetu anayekuchotea maji, Mungu ambariki. Mama mkubwa Rhoda usimwambie neno bado.

Kwa maana baada ya harambee nitakutolea kiti uwani, kielekee kilima chake, nikuvike darubini shingoni. Utaanza na rangi ya nyumba, nakujua. Halafu nitampigia simu, nimwambie atoke nje, asimame mahali anapoanika nguo, ainue mkono. Ukimwona, Mama, nawe uinue wako, hata kama yeye hatauona.

Mwanao anayekupenda,
Ezekiel, asiye mheshimiwa