Msumari wa Nne

Jumatatu, 3 Juni

Leo mwandishi wa gazeti kaniuliza nilianzia wapi kuimba. Nikamjibu: chini ya meza. Akacheka, akadhani namtania. Alitaka shindano la shule, au mjomba mwenye gitaa. Sina mjomba mwenye gitaa!

Chini ya meza ya pasi ya Mama, kweli tena. Shuka limening'inia pande zote, mimi ndani na mwanasesere wangu, nina nyumba yangu mwenyewe. Juu ya kichwa changu pasi ya mkaa inakwenda na kurudi. Harufu ya wanga na kitambaa cha moto. Matone yananidondokea shingoni, maana Mama alinyunyiza maji kwa chupa aliyoitoboa kifuniko. Na sauti yake, asubuhi mpaka jua lizame.

Mwandishi hakuandika hata moja la hayo. Nilichungulia daftari lake: "maisha ya dhiki". Dhiki gani? Nyumba nzima ilikuwa inanukia sabuni!

Nimerudi, nimepanda ngazi ghorofa nne (lifti imekufa tena), nikatafuta kalamu. Bora niandike mwenyewe, hapa ambapo hakuna wa kunisahihisha.

Jumanne, 4 Juni

Wimbo wenyewe basi. Watu wanauimba nchi nzima na hakuna anayejua ni kitu gani.

Mama hajui kusoma. Walisomeshwa kaka zake, yeye akabaki na beseni. Sasa dobi asiyejua kusoma, ana watu wanane, na kila furushi limefungwa kwa kitambaa cheupe kilekile, atajuaje lipi la nani? Mama aliimba. Ukutani misumari minane. Kila msumari mtu wake, kila mtu mstari wake, kwa mpangilio uleule. Mteja akisimama mlangoni, Mama anaanza mwanzo, polepole, anakunja kidole kimoja kwa kila mstari. Akifika kwa mteja huyo, vidole vimeshamwambia ni msumari wa ngapi. Anainuka, anatungua furushi. Miaka ishirini hajawahi kukosea.

*Mwalimu, kola yako isimame wima,*
*Mkunga, gauni lako lisahau damu,*
*Kinyozi, nywele za watu zitoke mfukoni,*
*Fundi rangi, yako haitakati, haitakati,*
*Binti yangu, marinda yako nayahesabu…*

Halafu mwenye duka, halafu hakimu, halafu mpishi wa hoteli. Basi. Ndiyo orodha nzima.

Fundi rangi ni Baba. Alipaka nyumba za watu, yetu haikuonja brashi! Alirudi jioni na ovaroli yake ina madoa ya kila kazi, buluu ya hospitali, kijani cha shule, na Mama anamwambia, wewe umeniletea ukuta mzima humu ndani. Alikuwa anasimama mlangoni kungoja mstari wake. Ukifika, anajibu kwa ile sauti nzito: "Basi niache hivyohivyo!" Na mimi chini ya meza nadakia: haitakati, haitakati. Nilikuwa na miaka minne. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya muziki, na bosi wangu alikuwa na pasi mkononi.

Nilipoanza kujua kuandika nikajitia mjuaji. Nikabandika vikaratasi vya majina kwenye misumari yote. Mama akavitazama, akavibandua kimoja kimoja, bila hasira. Karatasi inalowa, akaniambia. Wimbo haulowi.

Ijumaa, 7 Juni

Mazoezi mchana kutwa. Miguu imevimba. Tamasha ni Jumamosi ijayo, uwanja mzima, na mimi ndiye wa kufunga! Nikikaa bure nahesabu siku, kwa hiyo naandika.

Siku ya studio. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma — alidondoka ngazini, kazini. Nilikuwa nimebeba wimbo wangu wa mapenzi, upuuzi mtupu kuhusu kijana mwenye pikipiki. Prodyuza kausikiliza hadi mwisho huku anakula karanga. Hilo tu lilitosha. Maikrofoni ikaharibika, wakawa wanaitengeneza. Mimi nikavua sweta, nikaanza kulikunja kwenye kiti, na mikono ikikunja nguo mdomo wangu haujui kunyamaza. Nikaimba wimbo wa Mama. Prodyuza akaacha karanga. Akauliza wa nani huo. Wa Mama, nikamwambia. Akasema imba tena, uanze mwanzo.

Nikaimba kama nilivyouzoea chini ya meza. Na Baba ndani.

Nilimpigia Mama kumwomba ruhusa. Kelele za bomba, ndoo, kaka yangu anamwita. Akasema imba tu mwanangu, sauti haiishi. Hakuuliza naimba vipi, nami sikumwambia.

Sasa wananiita Binti Pasi. Watoto wanaimba kuhusu kola ya mwalimu. Watu wazima wamekubaliana kwamba fundi rangi ni mpenzi aliyeacha doa moyoni, na wengine wameandika kurasa mbili mtandaoni kunieleza mimi maana yake! Kwenye mstari ule wanainua simu zote juu, taa zinawaka, na mimi nasikia mtu mmoja tu mlangoni: basi niache hivyohivyo. Hatuna hata picha yake nzuri. Zile sekunde kumi ndizo picha yangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka nyumbani kwa Mama. Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda na gauni la jukwaani, lile jeupe la tabaka nne za kitambaa. Mama alishaapa kwamba hakuna dobi mwingine atakayeligusa. Nikakuta meza palepale, pasi palepale, na kaka yangu Kifungo anakamua shuka uani. (Alimeza kifungo cha mteja akiwa na miaka mitatu. Jina halijamtoka mpaka leo, na kifungo sijui.) Lakini ukutani mafurushi manne tu. Nikauliza, wateja wamesafiri? Mama akanyunyiza maji kwenye shati ambalo lilishalowa.

Kifungo akanieleza uani, kwa sauti ya chini. Hakimu alifungua furushi lake ofisini, mbele ya makarani, akatoa aproni na kofia ndefu ya mpishi. Mpishi naye alifuata nguo zake, Mama akamwapia kwamba hajaleta chochote. Suruali za hakimu alikuwa nazo mwenye duka. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kifungo hakucheka.

Baba alipofariki, Mama alimtoa kwenye wimbo. Kila mtu baada yake akasogea msumari mmoja. Mimi nikapanda wa nne, mwenye duka wa tano, hivyo hivyo hadi mwisho. Miezi kadhaa alijifunza upya, ulimi ukazoea. Halafu ukatoka wimbo wangu. Kinyozi jirani, kwa kunipenda, anaupiga kwenye spika mlangoni tangu anapofungua mpaka anapofunga. Wimbo ule wa zamani, na Baba ndani. Mama anaimba bila kujua anafuata redio, anakunja kidole cha Baba, na kuanzia hapo kila mtu anapewa furushi la jirani yake.

Nikarudi ndani. Nikasema Mama, pumzika. Nitakununulia mashine ya kufulia, nitakuletea msichana wa kazi, wewe ukae tu. Akasimamisha pasi. Mama hasimamishi pasi juu ya kitambaa, hata siku moja! Akaniambia: sijakuomba mashine. Nakuomba umtoe baba yako kwenye wimbo. Mimi nilishamtoa, ikaniuma, nikamaliza. Wewe umenirudishia, na kazi yangu inaharibika mikononi mwangu.

Shati likabaki na alama ya kahawia, umbo la pasi kabisa.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia prodyuza fundi rangi atoke kwenye wimbo, kasema nina wazimu. Huo ndio mstari wenyewe, hao watu elfu ngapi wanakuja kwa ajili ya mstari huo, kola ya mwalimu haimlizi mtu. Nikamwambia ni wimbo wa Mama. Akasema Mama yako ni dobi, wewe ni msanii.

Nikainuka. Sijui nilikuwa nakwenda wapi, nikajikuta nimesimama chooni nimejifungia.

Sitaki kumtoa. Hiyo ndiyo kweli. Nikimtoa, wapi pengine atasimama? Nyumba alizopaka zimeshapakwa rangi nyingine. Lakini nikifumba macho naona ile alama ya kahawia kwenye shati.

Mchana nikawaambia wanabendi: kutoka kinyozi tunaingia binti moja kwa moja. Tumerudia mara kumi na moja. Mpiga kinanda anateleza kila mara pale, vidole vyake vinamtafuta Baba. Vyangu pia.

Alhamisi, 13 Juni

Redioni leo, moja kwa moja hewani. Nimeimba bila Baba. Mtangazaji akauliza, nimesahau? Nikasema hapana, ndivyo Mama anavyouimba. Nilijua anasikiliza. Kinyozi angefungulia redio tu.

Nimempigia Mama baadaye. Simu imeita mpaka ikakata. Atakuwa anasuuza.

Najisikia kama nimefunga mlango na mtu yuko nje.

Jumamosi, 15 Juni

Chumba cha kuvalia, uwanjani. Saa kumi na moja kasoro robo jioni. Naandika haraka, mwandiko kama wa kuku.

Kifungo kafika na Mama. Mama kaketi safu ya tatu, mkoba mapajani kaushika kwa mikono miwili, kakataa soda. Kifungo kaniletea furushi langu, kitambaa cheupe, fundo la Mama. Nimefungua.

Si gauni. Ni ovaroli ya Baba.

Imefuliwa, imetiwa wanga, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nikamgeukia Kifungo, hii nini! Akajishika kichwa. Akakaa chini sakafuni, palepale, na suruali yake ya heshima.

Jumatano, kasema, Mama alifungua sanduku. Akaitoa ovaroli, akaifua siku nzima, akaipiga pasi. Akaifunga kwa kitambaa cheupe kama furushi la mteja, akaitundika msumari wa nne, akasogeza kila mtu arudi alipokuwa zamani. Akamwambia Kifungo: mtoto anampenda baba yake, na nchi nzima inamwimba, mimi ni nani wa kumshusha? Akae hapo. Furushi lake lisitoke, hesabu itakaa sawa. Siku hiyo hiyo hakimu alipita, akapewa suruali zake mwenyewe. Mama akacheka, kasema Kifungo, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa gauni la mkunga.

Jumatano. Siku ileile mimi nawafundisha wanabendi kumruka.

Na Alhamisi? nikauliza. Alhamisi kinyozi alifungulia redio, Kifungo kasema. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Ulipompigia simu akaitazama tu inaita. Jana na leo asubuhi kaimba kama wewe redioni, bila Baba. Leo akaanza mwanzo kutafuta gauni lako: mwalimu, mkunga, kinyozi, binti yangu. Kidole cha nne. Akainuka, akatungua msumari wa nne.

Yaani nimemkosesha tena. Mimi! Nilipomtii.

Gauni langu liko ukutani, msumari wa tano, saa moja na nusu kutoka hapa. Kifungo kataka akamwambie Mama. Nimemzuia. Asijue kwanza. Akijua amekosea hata furushi langu atavunjika moyo, pale pale safu ya tatu.

Nimeigeuza ovaroli kwenye mwanga. Goti la kulia, buluu ya hospitali. Mfukoni, kijani cha shule. Mama kafua siku nzima na haijatakata, hata kidogo.

Dakika tano, wanaita.

Nimeingiza miguu. Ni ndefu, nimekunja wa kushoto mara tatu, bado wa kulia. Inanukia wanga. Mpiga kinanda kachungulia mlangoni, kaniangalia juu mpaka chini, kauliza taratibu: tunamruka fundi rangi, kama tulivyozoea, sivyo? Nimemwambia angoje kidogo. Yuko mlangoni, amesimama, anangoja. Nakunja wa kulia, na mdomo umeshaanza wenyewe: haitakati, haitakati.