Kitambaa Ndani ya Bomba la Hewa

Kwako Faustin, uliyekuwa mchumba wangu,

Nimekaa siku nyingi bila kukuandikia, kila nikishika kalamu naiweka tena chini. Leo naandika hivyohivyo, na wengine wasome.

Unakumbuka tulivyojuana. Gari langu lilizimika karibu na soko hapa kambini Nakivale, limejaa nyanya za kupeleka Mbarara. Ukafungua boneti, ukasema, "Dada, hii gari iko muzima, ni plagi tu." Nilipenda ulivyoisikiliza ile injini, umeinamisha kichwa kama mtu anayeungama. Mwaka haukuisha, ukawa umeshajitambulisha kwa mama yangu.

Halafu gari likaanza ugonjwa wake. Likiwaka linatetemeka, likifika mlimani linaishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi. Mara ulisema ni mafuta machafu, mara pampu. Uliingiza mkono, likapona, na baada ya wiki mbili likaugua tena. Kila mara ulikuwa na neno lako: "Mwanamuke kuendesha peke yake mupaka Mbarara, bantu banasema mingi." Nilidhani unanionea huruma kwa maneno ya watu.

Unakumbuka siku ya Consolata, jirani yetu Mrundi. Uchungu ulimshika asubuhi, nikampakia yeye na mumewe twende hospitali Mbarara. Tulipopita Kaberebere injini ikaanza kukohoa, mlima ukatushinda. Alijifungulia kwenye kiti cha nyuma, wanawake waliotoka shambani wakimshika, na damu ilimwagika kuliko nilivyowahi kuona. Nikakupigia simu. Ulikuja na pikipiki, ukainama kwenye injini dakika chache tu, gari likapata nguvu. Mumewe alikukumbatia akilia. Nawe ukakubali kukumbatiwa, Faustin. Hospitali waliwaokoa mama na mtoto, na mtoto wakampa jina lako.

Mwezi uliofuata, wewe ukiwa safarini Kampala, gari likanishinda Kakiika, pale Mbarara. Nikamwendea fundi nisiyemjua, mzee mmoja Mnyankore. Alifungua plagi, zote zilikuwa nyeusi kwa masizi. Akaniambia kwa heshima, kama wanavyomwita mama kwao, "Nyabo, mafuta inapata. Hewa ndiyo hapana." Akalegeza bomba linaloingiza hewa kwenye injini, akavuta kitambaa kilichosokotwa. Kilikuwa cha kitenge changu cha njano, kile ulichoniomba kipande cha kufutia mikono.

"Hii haikuingia yenyewe," akasema. "Mtu aliweka."

Nilikikunja kile kitambaa, nikakitia mfukoni, nikamlipa mzee.

Nilipokupigia ulisema, "Ilikuwa mapendo. Nilikuwa nakuchunga." Neno hilo linanichukiza kuliko kitambaa chenyewe. Ningekuelewa kama ungesema ni shetani. Mikono hiyohiyo iliyonimenyea viazi nilipolala na malaria ndiyo iliyokuwa ikiziba pumzi ya gari langu, kisha inazibua, kisha inasubiri shukrani. Nami nilishukuru. Najichukia kwa hilo. Hata sasa nikikumbuka ulivyokuwa ukinishika bega, natamani kuoga.

Wiki iliyopita nilienda kwa Consolata nikamweleza yote, mumewe akisikia. Nilidhani watanifukuza, maana gari ni langu. Mume alitoka nje. Consolata aliendelea kumnyonyesha mtoto, macho yake chini, halafu akasema taratibu, "Bado hajabatizwa. Jina si ngozi."

Jumapili padri alimmwagia maji, akamwita Dieudonné, yaani aliyetolewa na Mungu. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika.

Basi kaa huko uliko. Njia ya nyumbani kwetu unaijua, isahau.

Ni mimi, uliyeniita mke wako kabla sijawa.