Walimwita Aone, Sasa Wanamtaka Awe Kipofu

"Sheria ni ya watu wa mjini wenye muda wa kuahirishiwa kesi. Kijijini kwetu, tangu sungusungu, walinzi wetu wa jadi, washike kazi, ng'ombe wanalala salama na wezi wamehama. Acheni kutuletea semina." Hayo aliniandikia msomaji mmoja wa hapahapa Shinyanga, baada ya mimi kusema katika safu hii kwamba mtuhumiwa hupelekwa kituoni, hapelekwi kaburini. Nilimwandalia jibu refu, kisha nikalichana, kwa sababu barua hii ilifika na inamjibu vizuri zaidi. Majina nimeyabadilisha na kijiji nimekificha. Wenyewe watajijua.

*

Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa Kagongwa, nimekaa juu ya gunia langu la mahindi nasubiri zamu ya kusaga, kwa sababu mashine ya kijijini kwetu imekataa kunisagia, si kwamba ni mbovu, naisikia ikinguruma mpaka nyumbani kwangu, ila mwenye mashine ameambiwa akinisagia hata debe moja naye atatengwa kama tulivyotengwa sisi, na mimi nimechoka, sina pa kulilia, ndiyo maana nalia kwako.

Mume wangu Ayubu alikuwa machimboni upande wa Geita, nyumbani nilibaki mimi, binti yetu Wema, na mama mkwe wangu, bibi Mageni, ambaye miguu imemvimba hawezi kwenda mbali. Asubuhi moja likapigwa yowe, na kwetu yowe likipigwa kila nyumba lazima itoe mtu, usipotoka unatozwa mbuzi, kwa hiyo nikaacha uji jikoni, nikajifunga kanga, nikakimbia na wenzangu. Tukakuta wamemzunguka kijana mmoja, baadaye nikajua anaitwa Ignas, mchimbaji, alikuwa anarudi kwao kwa miguu na dume la ng'ombe alilonunua mnadani, jekundu lenye baka jeupe usoni, na bahati mbaya Baba Mdogo Mayala, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye ndiye kamanda wetu wa sungusungu, alikuwa ameamka asubuhi hiyo dume lake halipo zizini, na rangi ni hiyohiyo. Kijana akawa anasema, "Baba zangu, nipelekeni kwa mtendaji, nipelekeni hata polisi, kule mnadani wananijua." Baba Mdogo akamwambia, "Polisi wako mbali, sisi tuko karibu." Watu wakacheka, mshauri, walicheka. Halafu nikamwona akipiga rungu la kwanza, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na huyu mama aliyenitangulia kwenye foleni, na waliofuata kupiga nawajua mmoja mmoja. Ignas alifia njiani wakimpeleka hospitali. Jioni ileile dume la Baba Mdogo likarudi lenyewe kutoka mbugani, limeshiba, likasimama nje ya zizi likilia lifunguliwe.

Polisi walipokuja kuuliza nani aliona, watu wote walitazama chini, na sijui nilisukumwa na nini, nikasema mimi niliona. Baba Mdogo na wenzake wawili wakakamatwa, na sasa wito umekuja, mwezi ujao nikasimame mbele ya jaji. Tangu hapo dagashida, ule mkutano mkuu wa sungusungu, ukakaa ukaamua tutengwe, tusisalimiwe, tusiuziwe, tusipewe hata moto wa kuwashia jiko, mpaka Ayubu atoe dume la kuchinjwa liliwe na kijiji kizima na mimi nipige magoti nitamke kwamba sikuona kitu.

Mimi ningevumilia, lakini mama mkwe wangu hajazoea kunyamaziwa. Kila asubuhi anajikokota mpaka kando ya njia anasalimia wapita njia kwa majina yao, "Mwangaluka, Mama Fulani!" nao wanainama kama wanatafuta sindano mchangani. Jirani yetu Scolastika alijisahau akaitikia, "Mwangaluka, mayu!" akatozwa mbuzi, na siku hizi akifika kwetu anapita mbio. Bibi akacheka akasema, "Salamu yangu imepanda bei, inanunuliwa kwa mbuzi mzima." Lakini jioni ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nikifa nani atanichimbia?" kwa sababu nyumba iliyotengwa haizikiwi, hakuna atakayeleta jembe.

Ayubu amerudi naye ananiambia, "Mama Wema, huyo Ignas ni ndugu yako? Ng'ombe waliokuleta kwangu, watano walitoka kwenye zizi la Baba Mdogo." Mtendaji wa kijiji ananiambia kusahau si kosa, nimwambie jaji vumbi lilikuwa jingi. Nakuuliza mshauri, nikisema vumbi lilikuwa jingi nitakuwa nimemkosea nani, maana Ignas hafufuki, na mama mkwe wangu yu hai na anataka kuzikwa kama mtu?

Mama Wema.

*

Marahaba, Mama Wema. Unauliza utakuwa umemkosea nani. Nitakutajia, na wa kwanza analala kitanda kimoja na wewe.

Mumeo ni mchimbaji. Anatoka Geita anarudi nyumbani akipita vijiji ambavyo hakuna anayemjua. Siku moja atapita na ng'ombe, au na baiskeli mpya, au na uso wake mgeni tu, na mahali fulani mtu atakuwa ameamka hana dume. Litapigwa yowe. Ayubu atasema, "Nipelekeni polisi," na kamanda wa kijiji hicho atajibu kwamba polisi wako mbali. Siku hiyo utaomba katika ule umati awepo mwanamke mmoja aliyeacha uji jikoni, na utaomba asione vumbi. Mwambie Ayubu hivyo leo kabla hajala. Akikuuliza tena kama Ignas ni ndugu yako, mjibu kwamba Ignas ni yeye mwenyewe aliyetangulia kupita.

Na usijidanganye na neno la mtendaji. Kusahau si kosa, kweli. Kujifanya umesahau ukiwa umeapa ni kosa la jinai, na atakayeshtakiwa ni wewe, si yeye. Mtumishi wa umma anayemfundisha shahidi uongo ameuacha utumishi, amekuwa mshenga wa wauaji.

Sasa niwageukie hao wenye dagashida, maana hasira yangu iko kwao. Desturi yenu wenyewe inasema yowe likilia kila nyumba itoe mtu. Kwa nini? Wazee walioiweka hawakuwa wajinga. Walitaka jambo la kijiji lifanyike mbele ya macho ya kijiji, pasiwe na wa kusema sikujua. Mama Wema alitii. Asingetoka mngemtoza mbuzi kwa kutoona. Ametoka, mnamtoza dume kwa kuona! Hiyo ni desturi ya nani? Msiwasingizie mababu. Hicho ni kichaka cha watu watatu walioshika rungu, na kijiji kizima mmekubali kuwa majani yake.

Sheria ya nchi haiwachukii sungusungu. Inawaruhusu kukamata na kumfikisha mtu kituoni. Haikuwapa kuhukumu, na haikuwapa rungu la kichwani. Ignas aliomba kitu kilekile ambacho sheria inawaamuru mfanye, nanyi mkamcheka. Mngempeleka kwa mtendaji na kumkalisha pale mpaka jioni tu, ng'ombe mwenyewe angekuja kumtolea ushahidi.

Huko duniani wanakutana kwenye kumbi kubwa kupima utawala wa sheria, nchi hii imepanda, ile imeshuka. Sina ugomvi na vipimo vyao, nimevisoma. Nimesoma pia jinsi watu wa kusini mwa Italia walivyofundishwa na majambazi kutoona kinachotendeka barabarani kwao mchana kweupe, na ilichukua muda gani wachache wathubutu kusema, "Mimi niliona." Ugonjwa ni mmoja, wavaa suti na wavaa migolole. Hakimu awe msomi kiasi gani, jengo la mahakama liwe na marumaru, shahidi akigeuzwa kipofu kazi imekwisha. Hapa kwetu, mwezi ujao, utawala wa sheria wote umekalia gunia la mahindi Kagongwa ukisubiri zamu.

Basi fanya hivi, Mama Wema. Usipige magoti, na Ayubu asitoe dume. Akilitoa atakuwa amekiri kwamba kusema kweli ni deni. Nendeni wote wawili mjini, kwa wakili wa Serikali anayeendesha kesi hiyo, mumweleze habari za kutengwa na mumtajie waliotisha, mtendaji akiwemo. Kumtisha shahidi ni kosa, na ipo sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Muulize mtalindwaje, na usitoke ofisini bila jibu. Akikuzungusha, watafute wasaidizi wa kisheria, hao hawalipishi, wakusindikize urudi palepale. Kortini sema ulichokiona, usipunguze na usiongeze. Usiyemwona akipiga usimtaje, hata kama alicheka.

Mama mkwe wako mpeleke zahanati, miguu iliyovimba haihitaji kamanda bali mganga mwenye dawa. Na ongea na watu wa kanisani, hata wa Kagongwa, waahidi mbele yake kwamba watakuja na majembe. Mwambie bibi asikie kwa masikio yake. Hofu yake ni ya kweli na haistahili kudharauliwa. Lakini usimnunulie kaburi kwa damu ya mtoto wa mwenzake. Mama yake Ignas naye alimzika mtu.

Wewe msomaji uliyeniandikia kwamba ng'ombe wanalala salama: hao ng'ombe sawa. Watu je?

Na nyinyi wa kijiji hicho, mnaosoma ukurasa huu mkiangaliana. Mwenye mashine, msagie. Scolastika, dai mbuzi wako arudishwe, na asiporudishwa nenda polisi kumdai. Wanaume mliosimama pale mkaona rungu la kwanza, wito wa Mama Wema unawatosha wote, nendeni mkasimame naye. Na kama hayo yote yanawashinda kuanza nayo, anzeni na dogo. Kesho asubuhi mwanamke mzee mwenye miguu iliyovimba atakaa kando ya njia yenu na kuwaita kwa majina, "Mwangaluka!"

Mwitikieni.