Kitabu Chini ya Meza ya Mzee Obuya

Valarie uko? Nimeaibika. Aki nimeaibika kabisa.

Niko Woodley kwa kina Zedekiah, nimejifungia chooni. Si leo ndiyo alikuwa ananionyesha kwa wazazi wake.

Unajua mdomo wangu. Kabla ya chakula nikaona kitabu cha zamani kwa kabati, jalada lina mrembo nusu uchi na mjusi mkubwa wa sayari nyekundu. Nikaanza kukicheka kwa sauti. Ati mzungu anatua huko asubuhi, kufika jioni ashakuwa mfalme wa wenyewe! Wana bunduki za miale lakini wanapigana na mapanga! Na binti mfalme, kazi yake ni kutekwa nyara tu.

Kumbe ni cha babake, Mzee Obuya. Akacheka, akasema, "Hiyo ya mzungu hata hapa tuliiona."

Halafu akaanza kuombea chakula. Hao huomba mpaka ugali unapoa. Kitabu bado nilikuwa nacho mkononi, nikasema wacha nichungulie ukurasa mmoja chini ya meza.

Mmoja ukawa sura nzima. Binti ameshika mlango, na mjusi yuko nyuma ya huo mlango, na yeye hajui!

Valarie, nilipiga nduru katikati ya maombi: "Usifungue!"

USIFUNGUE! Mbele ya mamake! Zedekiah alitamani kuingia chini ya meza.

Mzee hata hakufumbua macho. Akasema polepole, "Ataufungua, mwanangu. Nimekisoma tangu ujana na bado huwa namkataza. Amina."