Masega ya Mwisho Uliyoyagusa

Papa,

Nyuki wako wapo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza hilo kabla ya kuniuliza mimi nimelalaje.

Huku Kalemie Mama amevua nguo nyeusi, treni inachelewa vilevile, na mimi Jumamosi baada ya salongo, ule usafi wa mtaa wetu sote, napanda mlima ule juu ya mto Lukuga, kwenye mzinga wako. Nakumbuka ulivyotangulia na mwenge wa majani makavu, ukikohoa, ukiwasalimu nyuki kwa heshima ambayo wakubwa wako wa relini hawakuipata. Mwaka mmoja tulikata masega ya upande wa mzinga unaotazama ziwa, mwaka unaofuata ya upande wa mlima, ili sega lolote lisizeekee humo. Uliniita Mama kwa kuwa nabeba jina la mama yako, na uliniambia hivi: "Mama, sega nyeusi njo inafinya watoto. Kata, usiihurumie."

Ulipofariki sikukata. Baba mdogo alisema mzinga ubaki kama mkono wako ulivyouacha, na moyo wangu ulikubali upesi. Msimu wa mvua ukapita, na mwingine ukapita. Masega yakawa meusi tii, vitundu vyake vimejaa maganda ya waliozaliwa humo, na nyuki wapya wakatoka wadogo wadogo, hawana nguvu. Nondo wanaokula nta wakaanza kuingia. Nikajua watahama au watakufa. Nilikaa chini nikalia, Papa. Yale ndiyo masega ya mwisho uliyoyagusa, na nisipoyatupa nawapoteza nyuki wako.

Basi nikakata. Upande wa ziwa tu, maana ule wa mlima ulikuwa na watoto wa nyuki, nikauacha ungoje mwaka wake. Baba mdogo alininunia mpaka siku alipoonja asali.

Mwaka huu nimemaliza upande wa pili. Ndani sasa ni kweupe, malkia anataga hadi pembeni, na ukiweka sikio kwenye gogo unasikia ngurumo ile ya zamani. Nilifurahi, halafu nikakukosa sana.

Lala salama, Papa. Miguu ikinibeba, kila mwaka nitapanda nikate upande wake. Humo hakuna tena sega uliloligusa, wala nyuki aliyekuona. Pale mlimani anayekujua ni mimi tu.

Mwanao